Kwa mnaoanza filolojia ya Kiingereza (uchunguzi wa lugha na maandishi yake ya kale) Ujerumani: itazameni njia ya Gneuss

Wadogo zangu, swali mnaloniletea mara nyingi ni moja: mada ipi ya tasnifu itanipatia kazi upesi? Badala ya kutaja mada, huwa nawaambia wamsome Helmut Gneuss, mtaalamu wa Kiingereza cha Kale, mzaliwa wa Berlin, 1927, aliyeshika uprofesa München mwaka 1965 na kukaa hapo mpaka alipostaafu.

Tasnifu yake ya 1955 ilihusu namna Kiingereza cha Kale, yaani kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilivyojitengenezea maneno kwa kufuata Kilatini. Kitabu cha pili, kilichotoka 1968, kilihusu tenzi za kanisa katika Uingereza ya zama za kati. Mada mbili tofauti kabisa, na ndivyo mfumo wa Kijerumani unavyotaka: baada ya uzamivu kuna Habilitation, yaani kazi kubwa ya pili ya utafiti inayokustahilisha uprofesa, na hapo hutakiwi kurudia ulichokwisha kuandika. Kwa hiyo msiteketeze kila mlicho nacho kwenye tasnifu.

Mwaka 1972 akaandika makala kuhusu shule ya Æthelwold, askofu wa karne ya 10 huko Winchester, Uingereza, akidai kwamba ndiko kulikozaliwa Kiingereza cha Kale sanifu. Angalieni ushahidi wake ulivyo mdogo mdogo: waandishi wa Winchester walipenda kuandika gelaðung kwa maana ya kanisa kama jumuiya ya waumini, pale ambapo wengine waliandika cirice. Neno moja halithibitishi kitu. Yakiwa mengi, yote yakielekea upande mmoja, mtu hana budi kusikiliza.

Lakini kazi ninayoihusudu ni orodha. Naam, orodha! Mwaka 1981 alichapisha orodha ya awali ya miswada, yaani vitabu vya kuandikwa kwa mkono, iliyoandikwa au kumilikiwa Uingereza hadi mwaka 1100, zaidi ya 900. Kila mmoja uko maktaba gani, una nini ndani, ni wa karne gani. Mingine ni kipande tu cha ngozi kilichokutwa kwenye jalada la kitabu cha baadaye. Mwaka 2001 ikawa kitabu kamili. Mwaka 2014 ikatoka tena, imepanuliwa, akishirikiana na mtaalamu mwenzake Michael Lapidge; Gneuss mwenyewe alikuwa ameshavuka miaka 85. Nadharia za siku zile nyingi zimechuja. Orodha bado iko mezani kwa kila anayefanya kazi hii.

Sisemi muige kila kitu. Alipopata uprofesa wake, vyuo vya Ujerumani Magharibi vilikuwa vinapanuka. Nyinyi mna sheria ya 2007: kwa kawaida miaka 6 ya mikataba ya muda kabla ya uzamivu, na 6 baada yake, halafu uwe umepata nafasi ya kudumu au uondoke. Tena ni nadra chuo kilichokulea kikupe uprofesa, basi jizoesheni kuhamahama mapema. Orodha ya miaka 30 haiingii humo, ila kipande chake kinaingia: maktaba moja, au mkusanyo mmoja.

Kilatini kianzeni muhula wa kwanza, maana sehemu kubwa ya miswada ile ni ya Kilatini. Na mkiitwa kwenye usaili, msiende na miswada peke yake. Wanafunzi wengi watakaokaa mbele yenu wanasomea ualimu wa shule, na kamati itataka kuona mnavyowafundisha fonetiki na sarufi.