Maswali na majibu: Prado ya mtumba, kutoka Yokohama hadi Kazungula

Tangu niandike hapa kwamba nimeendesha gari langu mwenyewe kutoka Dar es Salaam hadi Maun, Botswana, barua hazikomi. Nilidhani mtaniuliza habari za simba na tembo. Wapi! Kila mtu anauliza gari: lilitoka wapi, lilikula kiasi gani, lilipitaje mpakani. Haya, tujibizane.

Shikamoo kaka. Nataka kuagiza Toyota Prado kutoka Japani. Mtandaoni naona ya mwaka 2010 bei yake ni nusu ya ile ya 2019. Kwa nini nihangaike na mpya? (Msomaji, Mbezi)

Marahaba. Kwa sababu bei uliyoiona ni ya kule, na gari utaliendesha huku. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hutoza kodi kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wake, hata kama risiti yako inasema vingine. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kisha ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi (cc) 2,000. Gari dogo likizidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 za uchakavu. Likiwa na miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15. Halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo.

Tupige hesabu. Tuseme Prado ya 2010 imethaminiwa dola 10,000. Ushuru wa forodha 2,500, wa bidhaa 1,250, uchakavu 3,750, VAT 3,150. Jumla 10,650, yaani kodi imeipita bei ya gari. Ile ya 2019 ikithaminiwa dola 20,000, haina uchakavu, kwa hiyo kodi ni 12,450. Ukijumlisha, ya zamani inakutoka 20,650 na mpya 32,450. Nusu uliyoiona kwenye simu imekuwa karibu theluthi mbili, na hapo bado tozo ndogo ndogo, wakala wa forodha na usajili. Kabla ya kutuma hata senti, ingiza aina ya gari, mwaka na sisi kwenye kikokotoo cha TRA, maana viwango huguswa kila bajeti inaposomwa Juni.

Hata hivyo mimi nilichukua ya zamani na sijuti. Kilichobaki kilinunua matairi sita, betri mpya na shokapu nne. Lakini nilijua hesabu kabla, sikukutana nayo bandarini.

Niko Nairobi. Kwa kuwa Tanzania haina kikomo cha umri, si niingize ya 2012 kupitia Dar halafu niisajili Kenya?

Hapana. Kenya inataka gari lisilozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na mlango uliopitia hauondoi sharti hilo. Chukua mwaka tulionao utoe 7. Gari la nyuma ya hapo usilitazame. Lenye namba za Tanzania linaweza kutembea Kenya kwa kibali cha muda, lakini kibali si usajili.

Picha za muuzaji zinang'aa kama gari limetoka kiwandani jana. Nitajuaje kama ni zima? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili ndilo lingeniokoa mimi.

Picha zinapigwa ubavuni. Wewe omba picha za chini, na omba karatasi ya mnada. Magari mengi ya mtumba ya Japani hupita mnadani, na mkaguzi wa pale hulipa daraja: 3.5, 4, 4.5 na kuendelea. Herufi R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kando kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, umejaa alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi, 1 hadi 3, ni ukubwa wa dosari. Watu huhangaika na A na U. Mimi nakuomba uitafute S, inayotokana na neno lao "sabi", yaani kutu, na C, kutu iliyokwisha kula bati.

Kaskazini mwa Japani, Hokkaido na jirani zake, theluji inapoanguka barabara humwagiwa chumvi. Chumvi ile hurukia chesisi majira yote ya baridi. Gari linaweza kuwa na kilomita 60,000 tu, viti vinanukia upya, na chini limeliwa kama jahazi lililotelekezwa ufukweni. Wajanja hupulizia rangi nyeusi nzito chini kote. Ukiona weusi unaong'aa, hata juu ya boliti na mabomba ya breki, shuku.

Langu sikuomba karatasi. Muuzaji aliniambia "liko safi sana" nami nikaamini, maana nilikuwa nimeshalipenda. Kilomita chache baada ya Mpika, Zambia, nikasikia kitu kinagonga chini kila tukiingia shimoni. Nikalala chali kwenye kokoto na tochi mdomoni. Mkanda wa bati unaoshika tenki la mafuta ulikuwa umekatika upande mmoja, na pale ulipokatika ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Nikabonyeza rangi nyeusi kwa bisibisi. Ikabanduka kipande kizima, na ndani yake unga mwekundu. Dereva wa lori la Tunduma alisimama, akanikatia utepe wa tyubu kuukuu, tukalifunga tenki kama mzigo wa kuni. Tulirudi Mpika mwendo wa ng'ombe. Fundi alichomelea mkanda mpya kutoka kwenye chuma cha kitanda, na mkanda huo uko pale mpaka leo.

Gari likifika Dar, kabla hujalipeleka nyumbani, pitia gereji yenye shimo. Chukua nyundo ndogo ugongegonge chesisi. Chuma kizima hulia; kilichooza hunong'ona.

Halafu hesabu vifaa hapo hapo. Gari linalopakiwa wazi kwenye meli, lisilo ndani ya kontena, hupita mikono mingi. Langu lilifika bila jeki wala spana ya magurudumu.

Dizeli au petroli?

Kwa Prado, petroli ya 2.7. Haina haraka, ukiwa mlima Kitonga malori yatakuonea huruma, lakini haina turbo, haina pampu ya kuogopa mafuta machafu, na kila fundi kati ya hapa na Lusaka keshaifungua.

Dizeli za 2.8 za Japani, zilizoanza 2015, ni nzuri sana huko kwao. Zina chujio la masizi kwenye ekzosi na tenki dogo la maji ya urea, yale ya AdBlue. Urea ikiisha kabisa, gari ukilizima haliwaki tena mpaka uongeze. Jiulize utaipata wapi huko Botswana, kati ya Nata na Maun. Zile za zamani za 3.0, injini ya 1KZ, ni ngumu ila haziwezi joto. Zikichemka, silinda hedi hupasuka. Ukiipata kwa bei ya ajabu, anza na rejeta.

Gari ninalo tayari, ila nimelinunua kwa mkopo na kadi ya gari iko benki. Nitavuka? Na hiyo carnet ni lazima? (Msomaji, Arusha)

Usisafiri na kivuli cha kadi peke yake. Nenda benki wakupe barua yenye muhuri inayotaja jina lako, namba za gari, namba ya chesisi na ya injini, na inayosema wazi kwamba wameruhusu gari litoke nchini, kwenda nchi zipi na mpaka lini. Kama gari ni la mkeo, la kaka au la kampuni, barua iwe ya mwenyewe. Land Cruiser na Prado ndizo wezi wanazopenda, kwa hiyo polisi wa mipakani huinamia chesisi na kusoma namba moja moja. Nilishaona familia imelala Tunduma usiku kucha kwa sababu tarakimu moja ilikosewa kwenye barua.

Ukitoka, hakikisha forodha ya Tanzania imeandika kwamba gari limetoka kwa muda. Ukiingia Nakonde unapewa kibali cha muda cha Zambia. Ukitoka Zambia, kirudishe kifungwe. Watu husahau kwa furaha ya kuvuka. Kibali kisichofungwa, kwao maana yake gari limeuzwa nchini bila kodi, na safari ijayo utalipa au utabishana.

Carnet, kile kitabu kinachotolewa na vyama vya magari kwa dhamana ya fedha, kwa njia ya Zambia na Botswana mimi sikukihitaji. Ungekuwa unaelekea kaskazini hadi Misri, huko bila hicho huingii.

Bima: chukua kadi ya njano ya COMESA kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye kadi hiyo. Inakufunika Zambia, Malawi na Zimbabwe kwa madhara ya mtu wa tatu. Botswana, Namibia na Afrika Kusini hawamo, kwa hiyo Botswana unalipia mpakani.

Zambia wanataka viakisi mwanga vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na pembetatu mbili. Nunua Dar kwa bei ya Dar. Kuna pia kodi ya kaboni mpakani na vituo vya kulipia barabara njiani. Weka kwacha karibu. Ukifika Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, utavuka kwa daraja lililofunguliwa Mei 2021. Kabla yake ilikuwa ni pantoni na foleni ya malori ya siku kadhaa.

Na usibebe nyama mbichi kwenda Botswana. Wana vizuizi vya mifugo barabarani kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na miguu. Watakunyang'anya nyama, na viatu vyako utavikanyagisha kwenye dawa. Kilo zangu mbili za maini zilibaki kwa askari mmoja mwenye adabu nyingi.

Naishi Muscat. Magari ya Ghuba yana rejeta kubwa na AC kali. Nilete langu Tanga? (Msomaji, Oman)

Usukani uko kushoto, bwana. Ukiwa nyuma ya lori Mikumi na unataka kulipita, itabidi umuulize aliyekaa kulia kama njia ni nyeupe. Kwa safari moja yenye abiria makini sawa. Kuishi nalo, hapana. Na Kenya hawalisajili kabisa, isipokuwa la kazi maalumu kama zimamoto.

Je, RAV4 yangu itafika?

Dar hadi Maun ni lami, itafika bila tatizo, ila ipungue mizigo. Inachokosa ni gia ndogo ile ya kutambaa. Ukiacha lami kuingia mchanga wa hifadhi ya Moremi, rudi nyuma ukodi gari la mwenyeji.

Redio ya gari langu jipya haikamati stesheni nyingi na inaongea Kijapani. Nimeibiwa? (Msomaji, Dodoma)

Hujaibiwa. Redio za Japani zimetengenezwa kwa masafa yao ya FM, 76 hadi 90, za karibuni 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Fundi redio atakufungia kiboksi kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa. Baada ya hapo namba kwenye kioo zitakuwa za uongo: ukitafuta 100 utaikuta kwenye 88 au jirani. Utazoea.

Ila usikubali mtu achomoe betri bila kukuuliza. Redio nyingi za Toyota zikikatiwa umeme hujifunga na kudai kadi yake ya programu, ambayo ilibaki Japani. Yangu ilijifunga Mpika siku ile ya kuchomelea, kwa kuwa lazima betri ichomolewe. Kutoka hapo hadi Maun niliimba mwenyewe.