Ukipewa mtu wako wa kwanza

Karibu kwenye kazi hii ya kuwasaidia waliotoka gerezani kuingia chuo. Najua umekuja na moyo wa kuhamasisha. Uuweke kando kidogo. Mtu aliyemaliza kifungo Kamiti au Lang'ata, akaja mwenyewe kuulizia chuo, hana haja ya kuambiwa anaweza. Huko ndani kuna waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuna waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masomo ya mbali wakiwa bado wamevaa sare ya wafungwa. Anachokosa ni kitambulisho.

Anza hapo. Muulize kitambulisho kiko wapi, cheti cha KCSE kiko wapi, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la nani. Bila kitambulisho hakuna laini, bila laini hakuna M-Pesa wala akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na maombi ya chuo na ya mkopo siku hizi yote ni ya mtandaoni. Kikiwa kimepotea, mtahitaji abstrakti, karatasi ya polisi ya kuthibitisha umeripoti kupotea, kabla ya kwenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Nenda naye, usimtume. Nimewahi kumwona jamaa mzima amesimama nusu saa nje ya geti la kituo cha polisi, akiniambia anangoja jua lipungue. Hakukuwa na jua. Nilinunua njugu, tukala, tukaingia.

Cheti cha mtihani kikipotea, ombi hupitia QMIS, mfumo wa Baraza la Mitihani. Na kama mtihani aliufanyia gerezani, jina la gereza linaweza kuwa ndilo lililoandikwa kwenye cheti mahali pa shule. Zungumzeni mapema atajibu nini karani akilisoma kwa sauti mbele ya foleni.

Sasa kozi. Kwa kawaida shahada hutaka alama ya C+ kwenye KCSE, diploma C-, ngazi ya cheti D. Mwenye D huja akiwa ameinamisha kichwa, kwa hiyo mwonyeshe njia ya cheti, diploma, kisha shahada, na miaka itakayochukua. Usiipunguze hiyo miaka ili kumfurahisha. Huyu amezoea kuhesabu miaka kuliko wewe.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimsaidia dada mmoja kupata nafasi ya ualimu, na nadhani nilifurahi kuliko yeye. Sikufikiria kwamba TSC, tume ya walimu, wanaposajili walimu, hudai cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi, kile cha shilingi 1,050 unachopigiwa alama za vidole, na hukumu ya zamani hujitokeza humo. Alikuja kujua muhula wa pili, kutoka kwa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akipiga soga tu. Akanipigia jioni hiyo. Hakunigombeza. Aliuliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Akasema afadhali ningejua nikamficha. Mpaka leo sijaelewa vizuri alimaanisha nini, ila simu ile naikumbuka. Sisemi hangesajiliwa, nasema alistahili kuyajua hayo kabla ya kulipa karo. Kwa hiyo kila kozi anayoitaja, uliza kwanza kazi yake husajiliwa na nani na wanadai karatasi gani. Kozi nyingi hazina shida hiyo, na chuo chenyewe kwa kawaida hakikuulizi.

HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, watataka taarifa za wazazi na wadhamini. Uliza habari za wazazi polepole. Wapo waliofiwa wakiwa ndani na hawakuzika. Na usikimbilie kuwa mdhamini wewe mwenyewe, hata roho ikikusukuma. Siku akikwama kulipa ataanza kukukwepa, nawe ndiye mtu pekee aliyekuwa akimwambia ukweli.

Kuhusu siri: mhadhiri, mwenye hosteli, mfadhili aliyekuja na kamera, hakuna anayeambiwa alikotoka mpaka aseme yeye. Wafadhili wa kamera nawaogopa hasa. Picha hudumu kuliko ufadhili.

Akishaingia darasani, wengi wetu hupumua. Usipumue. Muhula wa kwanza ndio huangusha watu, na mara nyingi si masomo. Ndani kulikuwa na kengele ya kuamka, ya kula, ya kuhesabiwa. Chuoni darasa linahamishwa ukumbi, tangazo liko WhatsApp, na hakuna anayeuliza ulikuwa wapi. Halafu nauli. Kutoka Kayole hadi Kenyatta University ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Nimeona mtu mwenye karo iliyolipwa yote akikosa mtihani wa kati kwa sababu ya shilingi mia mbili, na aibu ya kuziomba.

Mpigie kila Jumapili jioni, umuulize kesho anafikaje. Simu ikizimwa siku mbili, acha kutuma meseji. Panda matatu uende kwake.