Namba 782.57 na kichwa cha mbuzi wa Ngamiani

Ubongo wa kwanza niliojifunzia kupima lipidi, yaani mafuta na jamaa zake, ulikuwa wa mbuzi. Nilinunua kichwa Ngamiani saa tatu asubuhi, jua la Tanga limeshaanza kuchoma. Muuzaji akanipasulia huku akiuliza kama nyumbani kuna mgonjwa anayetaka supu. Nikamwambia natafuta mafuta ya ubongo. Akacheka: "Ubongo wote mafuta huo, utafute nini tena?"

Hakukosea sana. Ubongo ukishakaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni lipidi. Kazi ni kujua zipi.

Wadogo zangu mnaoanza, kosa langu la kwanza nililifanya palepale buchani. Mbuzi yule alichinjwa alfajiri, na vimeng'enya havifi pamoja na mnyama. Vinaendelea kukatakata lipidi, na ndani ya dakika chache tu asidi huru za mafuta huwa zimepanda. Kwa mazoezi ya mikono, ubongo wa buchani unatosha. Kwa utafiti, tishu igandishwe papo hapo, kwa naitrojeni kimiminika ukiipata. Na unapoipima uzito, fanya haraka: unyevu wa pwani hii huganda juu ya kipande cha baridi, ukadhani unapima ubongo kumbe umepima na maji ya hewa.

Kukamua lipidi si kugumu. Njia ya Folch na wenzake, iliyochapishwa 1957, bado inatumika: klorofomu sehemu 2, methanoli sehemu 1, jumla yake mara 20 ya tishu. Ukiongeza maji ya chumvi tabaka mbili hujitenga, na lipidi hubaki chini. Tumia vioo. Klorofomu hunyonya vitu kutoka kwenye plastiki, kisha kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli zenye chaji (ioni), unaona kilele kirefu kwenye namba 391.28 au 338.34 na kushangilia bure. Kila mara pitisha na chupa isiyo na tishu, hatua zote zilezile, ndipo utajua kipi kimetoka kwa mbuzi na kipi kimetoka kwenye kifuniko.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Majibu ya mashine yaliporudi, niliona kilele kikubwa kwenye 782.57. Nikafungua jedwali la tungamo, nikaandika kwa madaha: fosfatidilkolini 36:4, kwa wingi. Hiyo ni lipidi ya utando wa seli; 36 ni kaboni za mikia yake miwili ya asidi za mafuta, 4 ni viungo maradufu. Mwalimu wangu akatazama, akauliza neno moja tu: "Sodiamu?"

Fosfatidilkolini 34:1, ambayo imejaa kwenye ubongo, ikibeba protoni inasoma 760.585. Ikibeba sodiamu badala yake, inasoma 782.567. Ile 36:4 yenye protoni inasoma 782.569. Tofauti ni 0.0024, na mashine nyingi haziwezi kuzitenganisha. Mimi nilikuwa nimetumia vyombo vilivyosuuzwa kwa maji ya bomba, sodiamu tele.

Kinachozitenganisha ni muda wa kutoka kwenye safu, ule mrija wa kuchuja lipidi kabla ya mashine, na vipande zinavyotoa zikivunjwa. Kwenye safu ya kawaida ya C18, 36:4 hutoka mapema, lakini 34:1 yenye sodiamu hutoka sambamba na pacha wake wa 760. Ukizivunja ndani ya mashine, yenye protoni hutoa kipande kikubwa cha 184. Yenye sodiamu hupoteza 59 na kuacha 723.5. Yangu ilikuwa na 723.5, na ilitoka na pacha wake. Sikuwa nimetazama.

Hata hiyo 184 msiiamini peke yake, maana sfingomaelini, lipidi nyingine ya ubongo, nayo huitoa. Hapo angalia namba ya ioni nzima: fosfatidilkolini yenye protoni huwa shufwa, kama 760, na sfingomaelini huwa witiri, kama 731.

Na jina liandikeni kwa kadiri mlichoona. Ukiwa na tungamo na 184 tu, andika 34:1 ukomee hapo. Ukitaka kusema mikia yake ni 16:0 na 18:1, pima kwa ioni hasi uzione 255 na 281 zikitoka humo. Hata hapo hujajua kiungo maradufu kiko kaboni ya ngapi, na watu wengi huandika "oleiki", jina la 18:1 moja tu kati ya kadhaa, kwa mazoea tu. Mimi pia niliandika, mara nyingi.

Daftari la mwaka ule ninalo bado. Mstari wa 36:4 nimeukata kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika "34:1, sodiamu", na chini yake kuna doa la mafuta ya mbuzi.