Maswali ya Wasomaji: Feni na Vumbi la Msasa

Swali: Assalamu alaykum. Nina karakana ya milango na makabati, tunatumia mvule, msaji na mfenesi. Tangu tununue mashine ya msasa vijana wangu watatu wanakohoa mpaka usiku, na mmoja katoka vipele mikononi. Wanajifunga vitambaa na feni inazunguka kutwa. Tunakosea wapi?
*Seremala, Chake Chake*

Jibu: Waalaykumu salaam, fundi. Anzeni na feni. Maranda huanguka yenyewe, lakini unga wa msasa, ule usiouona mpaka jua lipenye dirishani, huelea kwa saa nyingi, na feni humrudishia kila aliyemo. Izimeni. Wakati wa kaskazi pigieni msasa kwenye mlango wa kusini, kusi ikianza hamieni wa kaskazini, upepo ulitoe vumbi nje. Fundi asimame ubavu: akiupa upepo mgongo, vumbi huzunguka na kumrudia usoni.

Kisha tazameni msasa wenyewe. Matundu yake lazima yakutane na ya kitako cha mashine. Wengi hubandika msasa usio na matundu kwa kuwa ni rahisi, na hapo mfuko wa vumbi wa mashine hauvuti kitu. Mfuko mwageni ukifika nusu. Mkiweza, ungeni mpira wa mashine ya kuvuta vumbi, nayo ikae nje, maana chujio la zile za nyumbani hupitisha unga laini.

Kitambaa hata kikunjwe mara nne hakizuii unga huo, na pembeni kiko wazi. Nunueni barakoa ya N95 au FFP2 (alama za barakoa zinazochuja unga laini) yenye mipira miwili, mmoja utosini na mwingine shingoni chini ya masikio. (Vijana hupenda kuishusha yote shingoni, haifai.) Bana chuma cha puani, funika kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu: ukihisi hewa machoni, haijakaa. Ndevu zikipita chini ya ukingo wake haishiki, hata iwe ya bei gani.

Vipele na kubanwa kifua ni mambo ya mvule yanayojulikana, na msaji nao huwasha ngozi. Anayebanwa kifua aende hospitali, amtajie daktari mti anaoufanyia kazi. Msilichukulie kuwa ni mafua tu: tangu 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua.

Jioni msipulize meza wala nguo kwa kompresa. Nyunyizeni sakafu maji kidogo ndipo mfagie, na nguo za kazi zilale karakanani.