"Shall" kwenye mkataba: "atalipa" au "lazima alipe"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, Morogoro. Nimepewa mkataba wa pango niuweke kwa Kiswahili, na "shall" imejaa humo. Shuleni tulifundishwa kuwa ni wakati ujao, nikaandika "atalipa". Mwenzangu anataka niandike "lazima alipe" kila mahali. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shuleni ulipewa nusu ya habari. "Shall" ya wakati ujao, siku hizi hata Waingereza wanaitumia kwa nadra. "Will" imeshika nafasi yake. Kwenye sheria na mikataba "shall" huamuru. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza: "may" inapotoa mamlaka, mwenye mamlaka ana hiari, "shall" inapotoa jukumu, jukumu hilo sharti litekelezwe. Kifungu hicho kinahusu sheria zilizotungwa, lakini wanasheria huandika mikataba kwa mazoea hayo hayo.

Hata hivyo "atalipa" yako si kosa. Mama akisema "kesho utakwenda kwa shangazi yako", hatabiri, anaagiza. Soma Ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania ya 1977: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Hapo -ta- inaweka cheo kisheria, haisubiri kesho. Kwa hiyo "Mpangaji atalipa kodi" inatosha kabisa.

Ukiweka "lazima" kila mahali utaharibu. "This agreement shall be governed by the laws of Tanzania" haimwamuru mtu yeyote; andika "Mkataba huu utasimamiwa na sheria za Tanzania". Na "shall mean" ni "maana yake ni", basi.

Panaponitia hofu zaidi ni kwenye ukanushi. Niliwahi kupewa tafsiri niihakiki, Kiingereza kikisema "The landlord shall not be required to refund the deposit". Mfasiri aliandika "Mwenye nyumba hatarudisha amana". Sivyo! Kiingereza kinasema halazimiki kuirudisha, akipenda, anairudisha. Andika "hatalazimika kurudisha amana". Kinyume chake, "No tenant shall sublet" ni katazo: "Mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine". Ukiandika "Hakuna mpangaji atakayepangisha", umetabiri tabia za wapangaji.

Neno hili moja kubeba kazi nyingi kumewachosha hata wenye lugha. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilitumia "must" badala yake, na kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho Marekani zilipoandikwa upya mwaka 2007, "shall" iliondolewa.

Kwa kazi yako, kila ukikutana nayo jaribu kuweka "ana wajibu wa" mahali pake. Sentensi ikisimama, ni amri: tumia -ta- au "atapaswa", ila uchague moja na uishike hadi ukurasa wa mwisho, maana wakili wa upande wa pili akikuta "atalipa" hapa na "lazima alipe" pale, atauliza tofauti yake ni nini. Isiposimama, tafuta kwanza sentensi inafanya kazi gani. Anza na kifungu cha amana.