Mdogo wangu, hivi ndivyo nilivyokosa kumzika baba mdogo

Kamwene, ndugu zangu wa Mafinga.

Wiki iliyopita kitinda mimba wa baba mdogo alinirekodia ujumbe: "Dada, watu wanasema ulighairi tu, ulionea uchungu hela. Nataka nisikie kwako. Ni theluji kweli iliyokuzuia kumzika baba? Marekani si wana mashine za kila kitu?" Nimeusikiliza mara nyingi. Naujibu kwa maandishi ili wote msome, maana najua aliyeuliza hakuwa peke yake.

Ndiyo, ni theluji. Lakini kuna na makosa yangu, nayo nitayasema.

Buffalo ninakoishi ni mji uliokaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Baridi kali ikipita juu ya ziwa wakati maji bado hayajaganda, inabeba unyevu wote ule na kuja kuumwaga kwetu. Mnaijua mvua ya Tukuyu, jinsi unyevu wa Ziwa Nyasa unavyopanda milimani na kushuka kutwa nzima? Basi wazeni ile mvua yote iwe theluji, na upepo unaovuka kilomita 100 kwa saa. Mji huu umezoea theluji, magari ya kuisukuma ni mengi. Tarehe 23 Desemba 2022 magari hayo yenyewe yalikwama, na ya wagonjwa na ya zimamoto yakakwama pia. Theluji iliyopimwa uwanja wa ndege ilizidi mita moja. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari yao, wengine majumbani wakisubiri msaada.

Tahadhari ilitolewa siku kadhaa kabla. Niliisikia. Lakini mlikuwa mmeshasogeza mazishi hadi Jumatatu tarehe 26 kwa ajili yangu, nikajiambia nikiwahi ndege ya asubuhi nitakuwa nimetoka kabla haijachachamaa. Nikaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dereva alikuwa mzee wa Bukavu. Huku Wakongo ni wengi na tunasikilizana Kiswahili. Ilikuwa mvua tu tulipoanza. Kufumba na kufumbua mbele ya kioo pakawa peupe kabisa, barabara hatuioni, hata boneti hatuioni. Gari likaingia kwenye tuta la theluji na kugoma.

Mdogo wangu, nilipokuwa kidato cha tano niliwahi kulala njiani, mlima Kitonga. Lori lilianguka konani mvua ikinyesha, foleni ikafunga pande zote mbili tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili. Tulishuka, tukajinyoosha, akina mama wakaja na mahindi ya kuchemsha na chai kwenye ndoo zenye mifuniko, bibi mmoja wa Ilula akanigawia nusu ya blanketi lake. Kufikia asubuhi basi zima lilikuwa linajuana kwa majina. Mimi kukwama nilikujua hivyo.

Huku hushuki. Nje palikuwa zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo unakata uso. Tulipiga simu ya dharura, wakatuambia tusitoke garini, na kwamba hawawezi kusema watatufikia lini. Tukiwasha injini ili tupate joto, theluji inaziba bomba la moshi, na ule moshi ukirudi ndani una gesi inayoua kimyakimya, husikii harufu yake. Kwa hiyo yule mzee alitoka kila baada ya muda kufukua bomba kwa mikono, soksi amezivaa juu ya glovu. Mara ya nne alirudi vidole havikunji. Nilivishika kwapani kwangu kama mtoto wangu, nikalia, yeye akaanza kusali kwa Kifaransa.

Jioni upepo ulipotulia kidogo tuliona taa dirishani, hatua kama 50 hivi. Tuliamua kwenda. Sitasimulia zile hatua. Aliyetufungulia ni mama wa Kizungu mzee, anaishi peke yake, na hakutuuliza hata majina, alituvua viatu. Tulikaa kwake siku nne, tukila supu za kopo na mkate, tukilala kwenye zulia karibu na jiko la gesi. Naandika hili kwa sababu nyumbani nimewahi kusema kwamba Wazungu hawafungui milango. Huyu alifungua.

Sasa hela. Niliyaogopa mazungumzo haya kuliko yote.

Tiketi niliikata vipande viwili: ya Buffalo hadi New York peke yake, na ya New York hadi Dar es Salaam kwa kampuni nyingine, kwa kuwa hivyo iliokoa dola 300. Lile lilikuwa kosa langu. Kampuni ya kwanza ilifuta safari na kunirudishia hela ya kile kipande kidogo. Ya pili, ndege yake iliruka kutoka New York. Kwao mimi ni abiria ambaye hakutokea, basi. Dola 1,450 zimekwenda. Ingekuwa tiketi moja, wangelazimika kunitafutia ndege nyingine. Hela yenyewe ilikuwa ya kadi ya mkopo, na kila mwezi naikatia kidogo. Na kazini, sheria ya nchi hii haimlazimishi mwajiri kukulipa siku za msiba. Nilipewa siku kumi bila mshahara. Uwanja ulipofunguliwa tarehe 28, baba mdogo ameshazikwa, siku zangu nusu zimekwisha, na hela ya tiketi nyingine sina. Siyo kwamba niliificha. Sina.

Siku ya mazishi mtoto wa shangazi alinipigia simu ya video. Kwenu saa nane mchana, kwangu saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Nilikaa chini kwenye korido ya yule mama nisimwamshe. Nilimwona mama mdogo ameshikwa mikono, niliona misonobari nyuma ya makaburi, nilisikia wimbo unaanza. Jeneza lilipoanza kushuka mtandao ukakatika. Ulivyorudi, mlikuwa mnaweka mashada.

Baba mdogo ndiye aliyeuza mbao zake akanilipia nauli ya kwanza ya kutoka Mafinga kwenda Dar kushughulikia viza. Mtu huyo nimuonee uchungu hela?

Nimeongea na msimamizi wangu kazini, nimekubaliwa wiki tatu za Juni. Tiketi nitakata moja tu, ya kutoka Buffalo hadi Dar es Salaam, na nitafika siku mbili kabla ya siku yoyote mtakayopanga kujengea kaburi. Hela ya saruji nimeshamtumia shangazi. Nawaomba kaburi msilijengee kabla sijafika. Mdogo wangu, uje unipokee stendi wewe mwenyewe, twende kwake kwanza, hata kama nitakuwa nimefika usiku.