Barua kwa mwanangu: uliniuliza dini yetu imesimama juu ya nini

Mwanangu, asalaam alaikum.

Ujumbe wako nimeusoma, nikausoma tena usiku baada ya isha, na nimeona nisikujibu kwa sauti ya simu kwa haraka, nikae niandike. Umesema mwenzako wa chumba hapo Kampala, yule mlokole, alikuuliza nyinyi Waislamu mnaamini nini hasa na hizo halali na haramu zenu mnazitoa wapi, ukamwambia ndivyo tulivyolelewa, alafu ukakwama. Ukaongeza la kwako mwenyewe, kwamba swala unaswali na saumu unafunga, sasa kwanini mama kila akipiga anauliza habari za makaratasi ya stoo ninakofanya kazi, hiyo si kazi tu? Mi naona hayo ni swali moja baba yangu.

Anza na hadithi ya malaika Jibrili alivyokuja kwa sura ya mtu, ile uliyoikariri madrasa bila kujua uzito wake. Sayyidna Umar anasimulia, walikuwa wamekaa na Mtume ﷺ akatokea mtu nguo zake nyeupe sana, nywele nyeusi sana, hana alama yoyote ya safari na hakuna anayemjua, akaja akakaa magoti yake yakagusana na ya Mtume akaanza kuuliza. Akauliza Uislamu, akajibiwa shahada, swala, zaka, kufunga Ramadhani na kuhiji kwa mwenye uwezo. Akauliza imani, akajibiwa kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, ya heri na ya shari. Hapo wengi ndio tunaishia, mtoto akizitaja nguzo tano za Uislamu na sita za imani tunampa pipi basi. Lakini yule mgeni aliuliza na la tatu, ihsani, na jibu lake ni umuabudu Mungu kama vile unamuona, na kama wewe humuoni basi yeye anakuona. Anakuona msikitini na anakuona stoo, saa tano ya usiku lori limefika na bosi hayupo. Mtu akikuambia dini ni ya moyoni na kazi ni kazi, yeye ndio ameigawa, sisi hatukupewa hivyo.

Kuhusu tunakotoa mambo yetu, mwambie mwenzako kwanza ni Qurani, sura 114, iliyomshukia Mtume kidogo kidogo kwa miaka kama 23, Makka na Madina. Ya pili ni Sunna, yaani aliyosema Mtume, aliyofanya na aliyoyaona akayakubali, na hiyo tunaipata kwenye hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo yake. Qurani inasema simamisheni swala lakini hukuti ndani yake kwamba adhuhuri ni rakaa nne, hiyo ni Sunna imetuonyesha. Alafu kuna makubaliano ya wanazuoni, ijmaa, na kuna kiyasi, yaani kupima jambo jipya kwa jambo lililotajwa. Mfano sura ya Jumua inasema mkisikia wito wa swala ya Ijumaa acheni kuuza, imetaja kuuza tu, wanazuoni wakapima wakasema basi na kukodisha na kufunga mikataba saa hiyo ni vile vile, maana kinachokatazwa ni kile kinachokushika usiende. Kwahiyo sheikh hatoi sheria mfukoni mwake, na wewe una haki ya kumuuliza kwa adabu, sheikh wangu dalili yake ni ipi?

Hapa nikae kidogo manake vijana mnaumia sana. Si kila kilichoandikwa "Mtume kasema" alisema. Kina Imam Bukhari na Imam Muslim walichuja hadithi mtu kwa mtu, nani kamsikia nani, walikutana kweli, huyu alikuwa na kumbukumbu nzuri, huyu aliwahi kusema uongo, ndio ukasikia hii ni sahihi, hii hasan yaani nzuri, hii dhaifu, na ile ni ya kutunga kabisa. Sasa leo mtu anapata ujumbe kwenye WhatsApp, ukiutuma kwa watu kumi utapata habari njema kabla ya Ijumaa, na anausambaza kwa jina la Mtume! Usifanye hivyo mwanangu. Kumsingizia Mtume uongo ni dhambi kubwa, yeye mwenyewe ametuonya kwamba anayefanya hivyo makusudi ajiandalie makazi yake motoni.

Sasa hilo la makaratasi.

Unajua mi nimezeeka hapa soko la Arua na mahindi na simsim, na unajua mahindi mabichi yanakuwa mazito kwenye mizani. Wapo wanaonyunyiza maji jioni, asubuhi wanafunika na makavu juu. Mnunuzi mjanja anaingiza mkono mpaka katikati ya gunia, anatoa punje anaing'ata, ikilia kah ni kavu, ikinyamaza anaondoka. Mtume ﷺ alifanya hivyo hivyo sokoni Madina, alipita kwenye lundo la chakula akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza mwenye mali nini hii, yule akasema imenyeshewa na mvua. Akamwambia mbona hukuiweka juu watu waione, anayetughushi si katika sisi. Nenda usome kitabu cha Imam Muslim utaikuta. Kila nikifungua gunia naikumbuka, na kuna sura nzima, ya 83, imeanza na ole kwa wanaopunja, wakijipimia wanataka kijae, wakiwapimia watu wanapunguza.

Na aya ndefu kuliko zote katika Qurani unajua inaongea nini? Deni. Baqara 282, mkikopeshana kwa muda andikeni, mwandishi aandike kwa uadilifu, shahidi asikatae akiitwa, msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Wewe mtu wa stoo hiyo ni aya yako kabisa. Gunia 180 zimefika wanataka usaini 200, hapo mwanangu unatoa ushahidi. Sura ya Nisaa aya 135 imesema simameni na haki hata kama ni juu ya nafsi zenu au wazazi wenu, sembuse bosi.

Hata dini ilivyoingia nchi yetu hii ilikuja hivyo. Wafanyabiashara wa Kiarabu walifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 ndio unaotajwa, na inasimuliwa kwamba mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, aliona watu wanauliwa kwa amri ya kabaka akasimama mbele yake akasema hawa ni viumbe wa Mungu, si haki kuwaua hivi. Mgeni, ugenini, mbele ya mfalme! Kabla watu hawajajua kutia udhu walisikia kwanza kwamba roho ya mtu ina mwenyewe. Mi habari hiyo naipenda sana kuliko mabishano ya Old Kampala na Kibuli, yale makundi mawili ya Waislamu wa Uganda, hayo ni ya uongozi, yasikupotezee usingizi, imani yao ni moja na kibla chao kimoja.

Soma pia Baqara 177 taratibu. Inasema wema si kugeuza nyuso mashariki na magharibi tu, alafu inataja imani, inataja kutoa mali unayoipenda kwa ndugu, yatima, masikini na msafiri, ndio inakuja swala na zaka, kutimiza ahadi, na subira. Yote aya moja. Na Mtume aliwauliza maswahaba mnamjua muflisi ni nani, wakasema asiye na pesa wala mali, akasema muflisi wa umma wangu ni atakayekuja kiama na swala na saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, kamsingizia yule, kala mali ya huyu, basi thawabu zake zinagawiwa wanaomdai mpaka ziishe, alafu anabebeshwa madhambi yao. Ndio maana nakuuliza habari za stoo, swala zako nazipenda sitaki zigawiwe watu.

Yule mlokole usibishane naye. Mwambie Isa tunamwamini ni mtume, mama yake Maryam ana sura kwa jina lake, hatusemi ni mwana wa Mungu, na mwambie hilo wazi kwa upole maana kumficha ukweli si heshima. Akipika mshirikiane chakula kilicho halali, akiugua umhudumie, ni jirani yako.

Kesho andika 180. Mwambie bosi kwa adabu mzee, nilichopokea ndicho nilichoandika, na ubaki na nakala. Wakikufukuza panda basi uje Arua, simsim ipo na kibanda kinahitaji mtu anayejua hesabu.

Mama yako